Nimeacha bia miezi minane, kilo 17 zimetoka. Ila zilikaa kwanza (uzi mrefu, mwenye haraka apite)

Mzee wa Beringi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Leo natimiza miezi minane na siku nne tangu niweke chupa chini, ukitoa usiku mmoja ambao atakayeuliza nitamjibu. Nilianza na kilo 104, leo mchana kijana wa mizani pale Msimbazi kaniandikia 87 kwenye kikaratasi. Kimo changu ni sentimita 172, kwa hiyo msinipongeze sana, kwa vipimo vya hospitali bado natakiwa nipungue. Ila sasa nafunga kamba za viatu huku naongea na simu.

Nauleta huu uzi kwa sababu nimesoma humu nyuzi nyingi za "acha pombe upungue", na karibu zote zinaruka sehemu moja. Nitafika.

Nauza beringi na vipuri mtaa wa Gerezani, Dar. Zamani nilikuwa nafunga duka saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili na robo nimeshakaa kijiweni Sinza. Mhudumu akiniona natokea kwenye kona anafungua ya kwanza kabla sijavuta kiti. Siku za kawaida nne. Ijumaa na Jumamosi nane nane. Sijawahi kulala mtaroni, sijawahi kupigana, ada za watoto zilikuwa zinalipwa kabla shule haijafunguliwa. Mtu angeniita mlevi ningemuuliza mlevi gani. Walevi niliwajua, wale wa gongo kule bondeni. Mimi nilikuwa mstaarabu, natoa ofa, naacha chenji, saa nne niko nyumbani.

Aliyenishtua ni kijana wangu wa dukani, na wala hakusema kitu. Beringi kubwa tunaziweka rafu ya chini. Siku moja kaja mteja anaulizia ya gurudumu la nyuma la Canter. Nikaitazama tu ile rafu, kijana akaacha anachofanya, akaja mbio, akainama yeye. Nikamwambia acha, nachukua mwenyewe. Akanitazama kama nimesema napanda mnazi. Niliinama, nikaipata, nikashindwa kunyanyuka mpaka niishike meza, jasho linachuruzika nyuma ya miwani. Mteja akasema, "Pole mzee." Nina miaka 41.

Nikaenda kupima. Presha 158 kwa 102. Utrasaundi ikaonyesha ini lina mafuta. Daktari akaniuliza nakunywa kiasi gani, nikajibu "kawaida tu, mbili tatu". Kuna mnywaji humu ambaye hajawahi kutoa hilo jibu?

Nikakaa dukani na kikokotoo. Gramu moja ya kilevi ina kalori saba. Sukari ina nne, mafuta tisa. Yaani kilevi kwa nguvu yake kiko jirani na samli kuliko sukari. Chupa ya nusu lita yenye asilimia tano ina kama gramu 20 za kilevi, hizo ni kalori 140, weka na wanga uliobaki wa shayiri unafika kama 200. Chupa zangu 36 kwa wiki ni kalori 7,200. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini huwa inahesabiwa kama kalori 7,700. Nikaona mchezo umeisha: nikiacha tu, karibu kilo nzima inakatika kila wiki, ikifika miezi minne niko kama winga.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Usiku tatu sikulala, shuka linaloa, nimekuwa mkali mpaka watoto wakawa wananizunguka kwa nyuma. Halafu hamu ya vitu vitamu ikanivamia, mimi ambaye nilikuwa sili hata kashata. Baadaye nikasoma kwamba hiyo ni kawaida.

Mwezi wa kwanza nikashuka hadi 101. Furaha. Mwezi wa pili, 101. Mwezi wa tatu, 102.

Narudia: mwezi wa tatu bila tone la bia, nilikuwa nimeongezeka kilo.

Nilitaka kwenda kumrudishia kijana mizani yake kwa nguvu. Nikabadilisha mizani, nikapima kwa mtu mwingine pale Kariakoo sokoni, 102 na nukta mbili. Ndipo nikaanza kujichunguza kama mke anayechunguza simu. Bia niliacha, lakini kila saa kumi na mbili na robo nilikuwa bado kwenye kiti kilekile, na washikaji walewale, mezani kuna soda tatu na kitimoto. Soda ya sentilita 35 ina sukari kama gramu 37, karibu kalori 150. Tatu ni 450. Na kwa kuwa nilikuwa najiona nimetoa sadaka kubwa, kitimoto kutoka robo kilipanda mpaka nusu kilo, na ndizi za kukaanga juu. Ukinywa bia nne tumbo linajaa unaonja nyama. Ukinywa soda unakula nyama kweli.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo nyuzi zinairuka. Nilikuwa naacha kinywaji na kubaki na jioni.

Tatizo ni kwamba kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku nilikuwa sina kazi nyingine duniani. Kwa miaka 15 masaa yale yalikuwa na mwenyewe. Jioni ya kwanza niliyokwenda moja kwa moja nyumbani, mama watoto alinifungulia mlango akachungulia nyuma yangu kuona nimeletwa na nani. Akauliza, "Umeibiwa?" Nikakaa sebuleni kwangu kama mgeni aliyekuja kuposa. Sikujua rimoti inakaa wapi.

Nilichofanya sasa. Napanda mwendokasi Gerezani, badala ya kushuka Shekilango napitiliza, nashuka Baruti, natembea hadi Kimara Mwisho kisha napanda kilima hadi nyumbani. Dakika 50 hivi, mwanzoni zilikuwa 80 na kupumzika mara tatu kwenye mabenchi ya watu. Nikifika naoga, nakula chakula cha usiku na watoto saa moja na nusu. Hilo nalo ni jipya. Zamani nilikuwa nakula kijiweni halafu nikirudi nakula tena kwa heshima ya mpishi. Chakula cha pili kilikuwa kinaingia saa nne na nusu, dakika kumi kabla ya kulala.

Kuanzia hapo ndiyo kilo zikaanza kutoka, kama tatu kwa mwezi. Presha mara ya mwisho ilikuwa 132 kwa 84, daktari kapunguza dawa, hajaniondolea. Ini nimerudia kipimo mwezi wa sita, mafuta yamepungua sana. Kukoroma kumeisha, mama watoto kahama chumba cha watoto karudi. Hela sitaki kuihesabu kwa sauti, lakini bia 36 mara shilingi 2,000, bado ofa, bado nyama, pigeni wenyewe.

Karibuni kwa maswali. Matusi pia, nina muda sasa.

Kizimuo

Mkuu hongera, ila umeisingizia bia. Mimi nakunywa tangu 1998 na nina kilo 61. Asubuhi nazimua uchovu wa jana kwa bia nyingine, jioni naendelea. Bia hainenepeshi, kilichokunenepesha ni kitimoto, umejijibu mwenyewe.

Nyuki wa Tabora

Umeokoka?

Mzee wa Beringi

@Nyuki, bado. Ila hilo ni swali la pili kwa umaarufu. La kwanza ni "uko kwenye dozi?" Nilipoagiza maji mara ya kwanza kijiweni, mshikaji wangu mmoja alinivuta pembeni kwa huruma kabisa akaniambia, "Kaka, siku hizi dawa zipo, watu wanaishi." Baada ya wiki mbili nikasikia mtaani naumwa figo. Nikaona bora wanywe wakiamini hivyo, waliacha kunilazimisha.

@Kizimuo, nusu uko sahihi. Nusu nyingine namwachia mtu wa afya, najua wamo humu.

Tabibu wa Zamu

Nimo. Nipo zamu ya usiku, nitaandika kwa vipande.

Kizimuo, ndugu yangu, kilo 61 hazikukingi na chochote. Ini halina mizani. Wanywaji wengi wembamba ni wembamba kwa sababu chupa imechukua nafasi ya sahani: kalori zinaingia, protini na vitamini haziingii. Mikono na mapaja yanakwisha, tumbo linabaki au linakuja baadaye kwa njia nyingine, la maji. Na hilo neno "nazimua" ndilo lililonifanya niache chai yangu.

Sikilizeni, hili ni muhimu kuliko kilo. Mleta uzi alitoka jasho na kukosa usingizi siku tatu, akapona. Yuko kwenye kundi jepesi. Mtu anayeamka mikono inatetemeka mpaka apate ya kuzimua, anayekunywa mchana na usiku kila siku, au aliyewahi kupata degedege alipokosa pombe, asiache ghafla peke yake nyumbani. Ubongo uliozoea kilevi kila siku, ukikinyimwa kwa mara moja unachachamaa. Mitetemo huanza ndani ya masaa machache, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne kuna wanaoanza kuona wadudu ukutani, kuongea na watu wasiokuwepo, homa, moyo kwenda mbio. Familia inasema karogwa, anapelekwa kwa mganga. Hiyo hali inaua. Hospitali tunaitibu, kuna dawa za kutuliza ubongo zinazopunguzwa kidogo kidogo, na tunatoa vitamini B1 mapema kwa sababu wanywaji wengi wameishiwa nayo.

Kwa hiyo anayetaka kumuiga mleta uzi ajiulize kwanza: asubuhi mkono wangu ukoje?

Kizimuo

Tabibu umenitisha sasa. Unatetemeka kidogo tu, mpaka nipate supu.

Tabibu wa Zamu

Supu au supu na nyingine pembeni?

Kizimuo

Na nyingine pembeni.

Tabibu wa Zamu

Njoo inboksi. Siyo mzaha.

Kijana wa Rongai

Salamu kutoka Kenya. Hiyo ya masaa umenena kweli, mzee. Huku sheria ya Mututho ya kudhibiti pombe ilipokuja 2010, baa zikawa zafunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa tano usiku mlango unafungwa. Mimi nilidhani nitapunguza. Wapi! Nilikuwa nakunywa zile zile sita, lakini sasa kwa mbio, maana polisi wako karibu. Nikawa nalewa haraka kuliko zamani na bado nyama choma inaningoja mezani. Sheria ilinipangia saa, haikunipa kitu kingine cha kufanya. Niliacha tu vile nilianza kucheza drafti na wazee wa mtaa jioni. Wale wazee hawanywi na hawakuachii hata kete moja. Nimetoka kilo 98 hadi 89 kwa mwaka, polepole, lakini hazijarudi.

Mswahili wa Leicester

Nawapa kipimo cha huku mjipime. Uingereza tangu 2016 mwongozo wa serikali ni kutozidi yuniti 14 kwa wiki, mwanamume na mwanamke sawa, na uache siku kadhaa bila kunywa kabisa. Yuniti moja ni mililita kumi za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita ya asilimia tano ina yuniti mbili na nusu. Mleta uzi chupa zako 36 ni yuniti 90. Nilipoingia kwa daktari wangu mara ya kwanza na kumwambia nakunywa "kawaida", alinipa karatasi yenye picha za glasi nizitie tiki mwenyewe. Nilitia tiki mpaka nikaona aibu, nikageuza karatasi.

Halafu mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likatoka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho unaweza kukiita salama kwa afya. Suala la kansa lilishajulikana zamani, pombe iliwekwa kwenye kundi la kwanza la visababishi tangu 1988, kundi moja na sigara. Sisi tunajua sigara tu.

Chuma Ulete

Mimi nilishashtuka mapema. Nimehama bia nimeingia kwenye kali, haina sukari, haina wanga. Kichupa kimoja kidogo na maji, napungua huku nachangamka.

Mzee wa Beringi

@Chuma, chukua kikokotoo. Kichupa cha mililita 200 cha asilimia 35 kina mililita 70 za kilevi. Hizo ni gramu 55. Zidisha kwa saba. Karibu kalori 390, sawa na bia mbili ulizozikimbia. Sukari haina, nakubali. Na watu wengi hawaishii kichupa kimoja, maana ni kidogo, kinakaa mfukoni. Mnakumbuka viroba, vile vipakiti vya pombe kali, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017? Kijana wangu wa zamani dukani alikuwa anatembea navyo kama pipi, kutwa nzima anatafuna, jioni anashangaa kwa nini hana hamu ya kula.

Tabibu wa Zamu

Niongezee hapo. Mwili hauna ghala la kuhifadhi kilevi. Kikiingia, ini linaacha kazi nyingine linashughulika nacho kwanza, na uchomaji wa mafuta unasimama kwenye foleni. Kwa hiyo yale mafuta ya chipsi na mishikaki uliyokula nacho, wakati ini liko bize, yanatafutiwa pa kukaa. Mengine yanakaa ndani ya ini lenyewe. Habari njema ni kwamba mafuta ya ini yaliyoletwa na pombe huanza kuondoka mapema mtu akiacha, wiki chache tu mara nyingi. Likishapata makovu ndiyo hadithi nyingine.

Na mnaotumia dawa za presha: mkiacha pombe presha huwa inashuka. Msijipunguzie dawa wenyewe, rudini mpimwe kama mwenzenu alivyofanya.

Mama Kaunta

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhudumu wa baa, mwaka wa tisa sasa. Nasoma nacheka, maana ninyi mnaandika mlivyokaa kwenye viti, hakuna anayeuliza anayesimama.

Mteja akikupenda anakununulia. Ukikataa unaonekana unajisikia, na bosi hataki, maana bia yako nayo ni mauzo. Nilikuwa nafikisha tano sita kwa usiku huku natembea na trei, na sikuwa nazihesabu kwa sababu sizilipii mimi. Nilikuja hapa mjini na kilo 58, mwaka jana nilikuwa na 83. Magoti yananiuma, na miguu ndiyo ofisi yangu.

Nilichofanya ni hiki. Mteja akisema "na wewe jichukulie moja", nasema asante kaka yangu, natembea hadi kaunta, namwambia mwenzangu aiandike, chupa inabaki kwenye friji. Mimi nachukua glasi namimina maji ya tangawizi, rangi inafanana kabisa taa zikiwa zimefifia. Nagonganisha glasi na mteja, anafurahi. Tukifunga, nachukua hela ya chupa zangu. Kwa mwezi inakaribia kodi ya chumba. Nimeshuka hadi 74 na nimepanga chumba.

Na yule mzee wa kijiweni Sinza anayesema mhudumu alikuwa anamfungulia kabla hajakaa: mkuu, tunafanya hivyo ili usipate muda wa kufikiria. Samahani lakini.

Mzee wa Beringi

Dada yangu, hiyo ya mwisho imenipiga. Miaka 15 nilidhani ni heshima.

Mama Kaunta

Heshima ipo pia. Chenji zako tulikuwa tunazipenda.

Shemeji wa Kibosho

Mleta uzi umesema kuna usiku mmoja. Mbona watu wanaukwepa? Mimi nauliza.

Mzee wa Beringi

Nilikuwa nakungoja, maana ulitokea kwenu.

Mwezi wa tano tulikwenda Rombo, ndugu wa mama watoto anaoa. Mimi mkwe. Wazee wamekaa kwenye migomba, mbege imetoka, kata ya kunywea inazunguka. Ikafika kwangu imeshikwa na mzee ambaye hata baba mkwe wangu anamwamkia. Nikasema, "Mzee, nimeacha." Kimya. Si kimya cha ugomvi, kimya cha watu kutazama chini. Nikaona nimemwaga kitu kikubwa kuliko mbege. Nikapokea, nikanywa funda mbili. Chachu, nzito, ule uchungu wa gome la msesewe unabaki kooni. Kusema kweli haikunilewesha hata kidogo.

Shida ilikuja nusu saa baadaye. Kichwani sauti inasema: si umeshavunja? Leo imeshaharibika, kesho tutaanza upya. Kwenye turubai la vijana kuna kreti. Nilikunywa kumi na moja, wakuu. Nilicheza mduara na viatu mkononi. Asubuhi mwanangu wa miaka tisa kaniletea maji kitandani, kaweka chini, kaondoka bila kuniamkia. Sijazungumza naye kuhusu hilo mpaka leo, na yeye hajaniuliza.

Kwa hiyo hesabu ya miezi minane ina hilo tundu. Kuna watu wanasema ukivunja unaanza moja. Mimi sikuanza moja, nilipanda basi nikarudi Dar, Jumatatu nikashuka Baruti.

Shemeji wa Kibosho

Pole sana. Wangekufundisha mapema. Kata hairudishwi na mkono mtupu, lakini hakuna anayekulazimisha umeze. Unaipokea kwa mikono miwili, unaigusa midomoni, unamrudishia mzee au unampa wa pembeni yako, unasema ahsante. Marehemu babu yangu alikuwa na vidonda vya tumbo, kwa miaka mingi alifanya hivyo kila sherehe na hakuna aliyemhesabia. Wazee wanataka uketi nao. Tatizo lako ulianza na tangazo. "Nimeacha" mbele ya kata ni kama hotuba.

Na mbege ni ndizi na ulezi, watu huiita chakula, lakini kilevi kimo. Akina mama wajawazito wanaopewa "kidogo cha damu" waache.

Bint Mrima

Huku kwetu Tanga wengi hatunywi kwa dini, ila nawaambia ukweli, kitambi tunacho vilevile. Shemeji zangu hawajawahi kuonja bia na wanahema wakipanda ngazi. Ni barazani, kahawa na halua, chai ya maziwa sukari vijiko vitano, mahamri, na wali wa nazi saa nne usiku. Nimesoma pale aliposema ameongezeka mwezi wa tatu kwa soda, nikamsomea mume wangu kwa sauti. Hajafurahi.

Ngosha Mpole

Swali la kizembe: washikaji wako wa kijiweni umewapoteza?

Mzee wa Beringi

Swali zuri kuliko yote, ndugu. Tulikuwa saba. Wawili bado tunapigiana simu. Mmoja wao kaja dukani juzi kununua beringi, tukaongea dakika arobaini tumesimama, nikagundua sikuwahi kujua mke wake ni mwalimu. Miaka sita tumekaa meza moja! Wanne wengine sijui hata majina yao kamili, nilikuwa nawajua kwa vinywaji vyao. Yule wa ya moto, yule wa ya baridi, yule wa kuchanganya. Nawakumbuka, sitadanganya. Kicheko cha pale hakipatikani kwenye kilima cha Kimara. Jioni nyingine nikipita Shekilango ndani ya basi nageukia upande wa pili.

Chuma Ulete

Sasa mtu akitaka kuanza kesho aanze na nini? Kifupi, hatusomi sana.

Mzee wa Beringi

Jibu swali la Tabibu la mkono wa asubuhi. Kama uko sawa, usianze na chupa, anza na saa kumi na mbili. Jua utakuwa wapi. Ukishindwa kujua, utakuwa Sinza.

Mengine ni ya kwangu: sikuweka soda wala malta ndani, nilikuwa nabeba maji na ndimu, na karanga mbichi mfukoni za kutafuna njiani kwa sababu mdomo unataka kazi. Ukipima uzito pima mara moja kwa wiki, siku moja, saa moja. Mimi nilikuwa napima kila siku mwanzoni, kijana wa mizani akaniambia, "Mzee, hela yako nachukua, lakini wewe nenda nyumbani."

Wakuu naomba nikatishe, mtoto ana hesabu za sehemu na mimi sehemu zilinishinda tangu darasa la tano. Nitarudi saa tatu.

Kizimuo

Nimetoka kuongea na Tabibu. Kesho asubuhi naenda kuonana na mtu aliyenielekeza, kapiga simu mwenyewe. Ameniambia leo nisikate ghafla, nisubiri wanipangie, kwa hiyo msinitukane nikiwa nayo mkononi. Ila nataka nijue naanzia wapi. Huyo kijana wa mizani anakaa upande gani?

Mzee wa Beringi

Ukishuka Msimbazi Polisi, vuka barabara, kwenye kivuli cha duka la vitenge. Ana kofia nyekundu. Mia tatu. Atakwambia uvue viatu, vua.